Kishindo Kwenye Ubeti wa Pili

Hedifoni yangu ya kwanza niliivunja kwa ngumi. Niliilaza mezani nikaipiga mara tano, na ile ya tano ilikuwa ya ziada maana ilikuwa imeshakufa. Kosa lake lilikuwa kunibana. Nina kichwa kikubwa, dada yangu alikuwa akisema ni kichwa cha fahali wa mnadani, na hedifoni ile ilikuwa ya kukalia juu ya sikio, si ya kulizunguka. Baada ya saa moja masikio yalikuwa yanawaka, na mikono ya miwani inanichimba fuvu kama misumari. Siku hiyo nilikuwa nimerudia noti moja ya besi tangu asubuhi. Nikaamua kwamba siipati kwa sababu ya maumivu, kisha nikapiga. Nilipoinua macho, dada alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, anatazama damu kwenye vifundo vya vidole vyangu.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nawa, uje ule."

Naanza na hili ili mtu asije akadhani kwamba naandika habari za mkatili mmoja, na mimi nimekaa pembeni nikiwa na mikono safi.

Nilikuwa nakaa kwake Kihesa, pale Iringa. Nilitoka nyumbani kwetu Mbalizi baada ya kidato cha nne, na matokeo ambayo mama alikataza yasitajwe wakati wa kula. Muziki nilijifundisha mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kukosea. Nilitunga nyimbo za kwaya na midundo ya vijana wa mtaani waliotaka kuimba. Nilikuwa na kompyuta ya mitumba, kinanda kidogo, na ugonjwa wa kutoridhika. Naweza kurudia kipande cha sekunde nne siku nzima. Naweza kulia kwa sababu ya ngoma iliyochelewa kidogo tu, kiasi ambacho hakuna mtu mwingine angekisikia. Kucha zangu nilizimaliza kwa meno zamani.

Dada na mume wake walipanga vyumba vitatu. Changu kilikuwa cha tatu, kimeegemeana na chumba chao cha kulala, ukuta ule ule wa tofali za kuchoma. Uani kulikuwa na wapangaji wengine, na jirani wa karibu alikuwa mama mmoja aliyekaanga mandazi mbele ya mlango wake kutwa.

Shemeji alifanya biashara ya mbao. Jumatatu alikwenda Nyololo na vijiji vya Mufindi kununua, Jumamosi alirudi na unga wa mbao kwenye nyusi, sauti kubwa, kicheko kikubwa, na nyama kwenye mfuko. Nilimpenda. Hilo nalo lazima niliseme. Alipoona hedifoni yangu vipande vipande hakunicheka.

"Shemeji, fundi hapigani na nyundo yake," aliniambia. "Nitakununulia spika. Muziki wa masikioni ni uchoyo. Tupigie wote tusikie."

Akanipeleka mjini kwenye duka la vifaa vya umeme. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Iringa hapo hapo, aliyewasalimia wateja wake "kamwene" kama Mhehe yeyote. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye spika kubwa zenye taa za rangi.

"Hizi ndizo spika! Hizi zinatingisha mabati!"

"Hizo za harusini, mzee," mwenye duka alimjibu. "Huyu kijana anapiga harusi au anatunga?"

"Natunga," nikasema.

"Basi unataka spika ya kukwambia ukweli. Hizi zenye taa zinasifia kila kitu. Ukipiga ubaya, zinasema safi sana."

Akatoa mbili ndogo, za boksi la mbao. Hakuzijaribu kwa muziki. Alifungulia redio, mtu anasoma taarifa ya habari, akaniambia nifumbe macho. Alisema muziki una mapambo mengi, unaweza kuficha ubovu wa spika, lakini sauti ya mtu tumeizoea tangu tumboni. Ikitoka puani, au kama inatoka ndani ya debe, utajua. Ile ya msomaji wa habari ilitoka kama mtu aliyesimama mbele yangu. Kisha akanifundisha kuziweka: zisibandikwe ukutani, maana besi inagonga ukuta na kurudi ikakudanganya, ziwe kimo cha masikio, nikae katikati, mimi na zenyewe tufanye pembetatu.

"Na uchukue hii pia," akasema, akinipa hedifoni kubwa yenye mito minene ya kuzunguka sikio. "Vaa, kaa pale kwenye kigoda nusu saa. Ukisahau kwamba umevaa, ndiyo yako. Ukiikumbuka, rudisha."

Shemeji alicheka kwamba hajawahi kuona mtu analala dukani. Nusu saa ilipokwisha mwenye duka alinigusa bega, nikashtuka. Lakini siku ile tulichukua spika peke yake.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni, shemeji alirudi kutoka Nyololo. Nilimsikia akiongea na dada chumbani, kisha akachungulia kwangu. "Shemeji, hebu tupigie kitu. Kizito. Nyumba ichangamke."

Sijui kama nitaweza kueleza furaha ile. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nipige. Nikaweka wimbo wa kwaya niliokuwa nautunga, nikapandisha sauti hadi glasi ya maji ikatembea mezani. Mama wa mandazi alipaza sauti uani, "Mwalimu wa kwaya, leo umetuamulia!" Nikakaa katikati ya pembetatu yangu nikisikiliza kama daktari.

Kwenye ubeti wa pili, besi iliposhuka, kulikuwa na kishindo ambacho sikukiandika.

Kilikuwa kizito na kifupi. Hakikuwa na noti, na kilikuwa nje ya mdundo. Niliusikiliza wimbo tena Jumapili kutwa na sikukipata. Jumamosi nyingine shemeji akasema "tupigie," kikarudi, safari hii mara mbili, na kimoja kilikuwa kwenye kiitikio. Nilizima ngoma, kikabaki. Nilizima besi. Nilikaza skrubu zote za spika, nikaweka maboksi ya mayai chini yake, nikazisogeza mbali zaidi na ukuta kama nilivyofundishwa, na kadiri nilivyozisogeza kishindo kilisikika vizuri zaidi. Niliandika kwenye daftari dakika na sekunde ya kila kimoja. Nilikosa usingizi. Niliamini kwamba nimepewa spika mbovu, au kwamba kichwa changu kimeanza kuharibika.

Jumatatu nilizibeba zote mbili hadi dukani. Mwenye duka alizifungua, akapuliza vumbi, akafungulia taarifa ya habari tena, kisha akapiga wimbo wangu mwenyewe mara tatu tangu mwanzo hadi mwisho akiwa ameinamisha kichwa.

"Spika nzima," alisema.

"Kuna kishindo, mzee. Kila Jumamosi."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Spika haijui Jumamosi, kijana wangu. Hicho unachosikia hakitoki humu."

Jumamosi ile niliweka vidole vya mkono wa kulia juu ya karatasi ya spika, ile sehemu inayotetemeka, na kiganja cha kushoto ukutani. Wimbo ulifika ubeti wa pili. Kishindo kikaja. Vidole vya kulia havikuhisi kitu. Kiganja cha kushoto kilipokea pigo lile lote, na baada yake kitu kikateleza taratibu upande wa pili wa tofali, kuelekea chini. Kisha kikainuliwa tena, kikatupwa tena.

Nilikuwa nimegusa mgongo wa dada yangu kupitia ukuta.

Sikutoka. Niliuacha wimbo ukaisha, nikaurudisha mwanzo kwa sababu niliogopa ukimya. Baadaye shemeji alipita uani akinawa mikono, akaniambia kwamba wimbo ule utanitoa. Usiku dada alipakua ugali kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza amefanya nini. "Nimejigonga kwenye kabati," akasema, na mimi nikasema pole.

Hapa ndipo pagumu. Jumatatu nilikwenda tena dukani, nikanunua ile hedifoni yenye mito minene. Nikanunua na waya mfupi wenye matundu mawili, ili spika ziendelee kupiga kwa ajili ya uani na mimi nisikie kwenye hedifoni tu. Mwenye duka aliniuliza kama ile shida iliisha. Nikamwambia imekwisha.

Katika maisha yangu sijawahi kuvaa kitu cha raha kama kile. Mito yake ilikuwa ya kitambaa laini, haikutoa jasho, haikugusa miwani. Ilikaa kichwani kama mikono ya mtu anayekupenda. Kila Jumamosi saa kumi, shemeji aliposema neno lake, nilipandisha sauti ya spika kwa ajili yake, nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Dunia ilibaki wimbo peke yake. Nilijiambia nafanya kazi. Nilijiambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi, na hilo nimelisikia tangu mtoto, hata mama yangu amelisema. Nilijiambia chumba ni chao, umeme ni wao, na nikifukuzwa sina pa kutungia. Wimbo ulikuwa unakuwa mzuri wiki hadi wiki. Hilo ndilo nisilojisamehe hadi leo: ulikuwa unakuwa mzuri kweli.

Katika kuurekebisha niliongeza pumziko kabla ya ubeti wa mwisho. Vyombo vyote vinanyamaza, kwaya inavuta pumzi, kisha wanaingia kwa pamoja. Niliupima ukimya ule kwa siku mbili nisije nikauzidisha. Ulikuwa kama sekunde tatu.

Jumamosi ya mwisho, ndani ya sekunde tatu zile, kupitia mito yote ile, nilimsikia dada.

"Mdogo wangu!"

Wiki zote hizo hakuwahi kuniita. Kwaya ikaingia ikamfunika. Mkono wangu uling'oa waya kwenye kompyuta, ukang'oka na tundu lake. Uani kote kukanyamaza ghafla, na ndani ya ukimya huo kila mtu alisikia kilichokuwa kikiendelea chumbani: mkanda, pumzi za mwanaume, na sauti ya kitu kikavu kikivunjika ambayo nilidhani ni mguu wa kitanda.

Nilitoka na spika mkononi. Sikuichagua, ilikuwa karibu. Mlango ulifunguka kwa teke la pili. Dada alikuwa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Shemeji aligeuka, uso wake umelowa jasho, akasema kwa mshangao wa kweli, "Mbona umezima?"

Nikampiga nayo usoni. Kona ya boksi ilipasua nyusi yake, nikaona weupe kabla damu haijaja. Akanidaka shingo, akanigonga na kizingiti cha mlango, mara ya kwanza nikaona nyota, mara ya pili sikio la kushoto likapiga filimbi ambayo haijanyamaza sawasawa hadi ninapoandika haya. Nikamng'ata mkono. Jino likabaki humo. Alipoinama nikainua spika tena nikampiga mgongoni, nikampiga, nikampiga, na lazima nikiri kwamba nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nampiga kwa mdundo. Mama wa mandazi na wapangaji wawili ndio walionivuta, na nilipovutwa nilikuwa bado narusha mateke. Nilikuwa na furaha. Naijua furaha ile, ni ile ile ya ngumi ya tano.

Dada alifungwa plasta hospitalini, na kesho yake asubuhi tukapanda basi la Mbeya, kurudi kwa mama Mbalizi.

Wiki ya tatu wakaja Mbalizi, kama desturi inavyotaka: shemeji na plasta kwenye nyusi, mjomba wake, na mshenga yule yule aliyekuja kumposa dada. Walimleta pia mama wa mandazi awe shahidi. Upande wetu alikaa baba mkubwa, maana baba alishafariki, na mama, na mimi, na dada kwenye mkeka, macho kwenye vidole vyake vya miguu. Kilichokuwa mezani kilikuwa kimoja: arudi au asirudi. Na mwanamke anayerudishwa na kikao hana tena pa kukimbilia.

Mshenga alizungumza vizuri sana. Alisema nyumba zote zina moshi. Alisema mume amekubali kwamba alimsukuma mkewe siku moja kwa hasira, anaomba radhi. Lakini mkono, akasema, ulivunjika kwenye vurugu zangu. Nilivamia kama mwendawazimu, dada akaingia katikati, akaanguka.

"Muulizeni jirani," alimalizia. "Amekaa ukuta kwa ukuta nao miaka miwili."

Mama wa mandazi alifuta mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na unga. "Mimi siwezi kusema uongo, wazee wangu. Kila Jumamosi nilisikia muziki tu. Muziki mzuri. Siku ile ulipozima nikasikia kelele, nikakimbilia, nikamkuta huyu kijana anamuua mwenzake kwa spika."

"Mnaona?" akasema mjomba wa shemeji. "Mkorofi mnaye nyumbani kwenu."

Baba mkubwa alimgeukia dada. Dada hakuinua kichwa. Alikuwa ameshasema yote kwa mama siku tuliyofika, na sasa watu wazima walikuwa wanataka aseme tena mbele ya wanaume, na ushahidi wa jirani uko dhidi yake. Nikaona baba mkubwa anaanza kukuna kidevu kama mtu anayetafuta namna ya upole ya kusema rudi.

Nikasema, "Muziki niliupiga mimi."

"Tunajua ulipiga wewe," mshenga akacheka kidogo. "Ndiyo kazi yako, mwanamuziki."

"Nilipiga ili watu wasisikie."

Nikawaeleza. Kwa tabia yangu nilirudi nyuma mara mbili kurekebisha maneno. Niliwaeleza alivyokuwa anaomba kila Jumamosi, kishindo, kiganja ukutani. Baba mkubwa aliinua mkono.

"Ngoja. Siku hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaacha kupiga?"

"Hapana, baba."

"Ukafanya nini?"

"Nikanunua hedifoni. Za mito minene. Na waya wa kugawa sauti, ili uani wasikie wimbo na mimi nisimsikie dada."

Mama alitoa sauti ndogo. Mjomba wa shemeji alisema huyu anatunga, kazi yake si kutunga? Baba mkubwa akamjibu bila kumtazama, "Mtu hajitungii aibu ya namna hii, ndugu yangu." Kisha akamuuliza mama wa mandazi kama kuna siku yoyote shemeji akiwa safarini ambayo muziki ule ulipigwa kwa kelele zile. Mama yule alifikiri. Niliona midomo yake ikihesabu. Akaweka kitenge mdomoni, akaanza kulia, akasema hapana, hakuna hata moja.

Mshenga alijaribu kwa dada. "Binti yetu, sema mwenyewe. Sisi tukubebe?"

"Nibebeni mkinipeleka wapi?" dada akasema. "Mimi nimeshafika."

Waliondoka bila kula. Baba mkubwa aliwasindikiza hadi barabarani kwa adabu zote, aliporudi akapita mbele yangu kama anayepita upepo.

Nilimfuata dada uani. Mvua ilikuwa inajikusanya, alikuwa anajaribu kutoa nguo kwenye kamba kwa mkono mmoja. Nilitaka kumwambia kitu nilichokuwa nimekiandaa, kizuri, nilichokirudia kichwani hata kabla ya kikao. Yeye akatangulia.

"Ukiwa umevaa hizo hedifoni. Ilikuwa Jumamosi ngapi?"

"Tatu," nikasema. Nilikuwa na hakika. Mimi ni mtu wa kuhesabu.

"Nne," akasema. "Umesahau ile ya Pasaka."

Kilemba chake kilikuwa kimelegea, kimeteleza hadi jichoni, na mkono wa plasta haukuweza kukifikia. Akamwita mama aliyekuwa jikoni aje amfunge. Mama akachelewa kidogo, alikuwa anaepua chungu, na dada akasimama akamsubiri, jicho moja limefunikwa, nami nimesimama hatua moja kutoka kwake.